Mbolea moja, mbegu tofauti: Kwa nini naitrojeni hainufaishi kila aina ya mpunga kwa kiwango sawa

KATIKA mtaa wa Tononoka, kisiwani Mombasa, hakuna shamba la mpunga hata moja. Hata hivyo, ni nadra siku kupita bila wali kupakuliwa katika nyumba za mtaa huo: wali wa nazi kwa samaki siku za kawaida, pilau siku ya Ijumaa na biriani penye arusi. Mnunuzi wa huko hahitaji kusoma maandishi ya gunia ili aitambue pishori. Hutwaa punje chache kiganjani, akazisugua na kuzinusa, na papo hapo akaamua kama bei anayotajiwa ni ya haki.

Uamuzi huo wa dukani hufika mbali kuliko inavyodhaniwa. Ndio unaomwambia mkulima wa Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga, apande mbegu gani. Nayo mbegu ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha mbolea kitakachomfaa mkulima huyo, na ni kiasi gani kitakachomtia hasara.

Mbolea yenyewe hupitia mlangoni mwa watu wa Mombasa. Sehemu kubwa ya mbolea ya viwandani inayotumika nchini Kenya huteremshwa katika bandari ya Kilindini, safari fupi tu kutoka Tononoka. Ni bandari hiyohiyo inayopokea shehena za mchele kutoka Pakistan na nchi nyingine za Asia, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mchele unaoliwa nchini hautoki katika mashamba ya humu nchini. Swali la namna ya kupata mpunga mwingi zaidi kutokana na kila mfuko wa mbolea, kwa hivyo, si la mkulima peke yake.

Wakulima wengi huamini kwamba mbolea ikizidi, mavuno nayo huzidi. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli huo una mpaka, na mpaka wenyewe hutofautiana kati ya mbegu na mbegu.

KAZI YA NAITROJENI

Naitrojeni ni sehemu ya hewa tunayoivuta. Hufikia asilimia 78 ya hewa yote. Hata hivyo mpunga hauwezi kuitwaa kutoka hewani. Lazima uipate kupitia mizizi, ikiwa imeyeyuka katika maji ya udongo, hasa kwa umbo la amonia.

Ikishaingia mmeani, naitrojeni hutumika kujenga protini na ile rangi ya kijani ya majani iitwayo klorofili, ambayo hunasa mwanga wa jua na kuwezesha mmea kujitengenezea chakula. Ndiyo maana mpunga wenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Kwa uhaba huo mmea huhamisha naitrojeni iliyomo katika majani makongwe na kuipeleka katika majani machanga.

Kwa wastani, mpunga huchukua kati ya kilo 15 na 20 za naitrojeni ili kuzalisha tani moja ya nafaka. Sehemu kubwa ya kiasi hicho hutokana na udongo wenyewe, kupitia kuoza kwa mabua, mizizi na viumbe vidogo vilivyomo ardhini. Mbolea huja kujaza pengo linalobaki. Shamba lenye rutuba huwa na pengo dogo, na lililochoka huwa na pengo kubwa. Kumwiga jirani katika kiwango cha mbolea bila kujali hali ya shamba ni kosa la kwanza ambalo wakulima wengi hulifanya.

MAVUNO HUJENGWA NA MAMBO MANNE

Ili kuelewa ni kwa nini mbolea huweza kusaidia na pia kudhuru, yafaa kujua jinsi wataalamu wanavyoyahesabu mavuno. Mavuno ya mpunga ni zao la mambo manne: idadi ya mashuke katika kila mita mraba, idadi ya punje katika kila shuke, asilimia ya punje zilizojaa, na uzito wa punje moja moja.

Naitrojeni ikitiwa mapema, wiki chache baada ya miche kupandikizwa, huongeza machipukizi, na hivyo mashuke huwa mengi. Ikitiwa wakati shuke changa linaanza kujijenga ndani ya shina, takriban siku 65 kabla ya mavuno, huongeza idadi ya punje katika shuke. Hayo ni mambo mawili ya kwanza, na ndiyo yanayomfurahisha mkulima anapolitazama shamba lake.

Tatizo huwa katika jambo la tatu. Mmea wenye machipukizi mengi kupita kiasi huwa na majani yanayofunikana. Majani ya chini hukosa jua, na machipukizi yaliyochelewa hushindania chakula bila kuzaa chochote. Punje huwa nyingi, lakini chakula cha kuzijaza hakitoshi. Siku ya kupepeta, mkulima hukuta mapepe mengi yakipeperuka na upepo. Shamba lililokuwa la kijani kuliko yote kijijini laweza hivyo kutoa magunia machache kuliko la jirani aliyetia mbolea kidogo.

Uzito wa punje, jambo la nne, haubadiliki sana. Ganda la punje ndilo huweka mpaka wa ukubwa wa chembe iliyo ndani, na ukubwa wa ganda hutegemea zaidi aina ya mbegu.

MBEGU NDEFU NA MBEGU FUPI

Hapa ndipo tofauti kati ya mbegu inapojitokeza. Mbegu nyingi za zamani, barani Asia na Afrika Mashariki pia, zilikuwa na mabua marefu. Mkulima alipozitia naitrojeni, sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikwenda katika kurefusha bua na kunenepesha majani. Shuke lilipoanza kuwa zito, bua jembamba lililorefuka lilishindwa kulibeba, na mpunga ukalala. Mpunga uliolala huoza kwa unyevu, huliwa na panya na huwa mgumu kuvuna.

Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa mbegu iliyopewa jina la IR8. Ilitokana na kuzalishwa pamoja kwa Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. IR8 ilirithi ufupi wa mzazi mmoja na nguvu za mzazi mwingine. Bua lake gumu, lenye urefu wa mita moja hivi, halikuanguka lilipotiwa naitrojeni nyingi, na majani yake yalisimama wima yakaruhusu jua kupenya hadi chini.

Majaribio yaliyofanywa na mtafiti S. K. De Datta na kutangazwa mwaka 1968 yalionyesha kuwa IR8 iliweza kutoa takriban tani tano kwa hekta bila mbolea, na kukaribia tani 10 kwa hekta ilipotunzwa vyema na kutiwa mbolea ya kutosha. Baadaye, mnamo mwaka 2002, wanasayansi walibaini kwamba siri ya ufupi huo ilikuwa hitilafu katika jeni moja tu, inayohusika na utengenezaji wa homoni ya kurefusha mmea.

Tangu hapo, mbegu za mpunga huweza kugawanywa katika makundi mawili kwa kadiri zinavyoipokea naitrojeni. Kundi la kwanza ni la mbegu fupi zinazoigeuza mbolea kuwa nafaka. Kundi la pili ni la mbegu ndefu ambazo, zikipita kiwango fulani, huigeuza mbolea kuwa majani na mabua.

Mfano ulio wazi unapatikana nchini Tanzania. Mpunga wa Supa unapendwa sana kwa harufu na ladha yake, lakini ni mrefu na hulala upesi ukitiwa mbolea nyingi. Mbegu ya TXD 306, maarufu kwa jina la SARO 5, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 2002, ni fupi zaidi, ina harufu ya kiasi, na hustahimili naitrojeni nyingi bila kuanguka. Wakulima wawili waliotia mfuko mmoja mmoja wa yurea, huyu katika Supa na yule katika SARO 5, hawapaswi kutarajia matokeo yanayofanana.

MWEA NA GHARAMA YA HARUFU

Nchini Kenya, mpunga unaoitwa pishori katika masoko ni hasa Basmati 370. Mbegu hiyo ilichaguliwa katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, katika Punjab ambayo sasa iko Pakistan, na kutolewa mwaka 1933. Umri wake, kwa hivyo, unapita miaka 90. Ilizaliwa kabla ya zama za mbolea nyingi, na tabia yake bado ni ile ya mbegu za kale: bua lake ni refu na laini, nayo haivumilii naitrojeni iliyozidi.

Mradi wa Mwea ulianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la mahabusu waliochimba mifereji yake ya kwanza. Kwa miaka mingi wakulima wa huko wamepanda mbegu za aina mbalimbali, miongoni mwazo Sindano, Basmati 217, BW 196 na IR 2793. Mbili za mwisho hutoa mavuno makubwa kuliko pishori na huvumilia mbolea zaidi. Hata hivyo pishori ndiyo iliyotawala, kwa sababu soko huilipa vizuri zaidi kwa kila kilo.

Mkulima wa pishori amekubali mavuno madogo ili apate bei kubwa. Kosa huja anapojaribu kulipa pengo la mavuno kwa kuongeza mbolea ya naitrojeni. Juu ya hatari ya mpunga kulala, kuna hatari nyingine mbili.

Ya kwanza ni ugonjwa wa blasti, unaoletwa na kuvu ambaye huacha madoa yenye ncha mbili katika majani na kuikata shingo ya shuke. Basmati 370 ni miongoni mwa mbegu zinazoshambuliwa upesi na ugonjwa huo. Naitrojeni nyingi hulainisha tishu za majani na kusongamanisha mimea hadi unyevu ukakaa muda mrefu, hali ambayo kuvu huifurahia. Shingo ya shuke ikishakatika, punje hazijai, na mbolea yote iliyotangulia huwa imepotea bure.

Ya pili ni baridi. Mwea iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi kali kwa zao la nchi za joto. Chavua ya mpunga hujiunda siku chache kabla ya shuke kutokeza. Baridi ikigonga wakati huo, chavua hufa na punje hubaki tupu. Imebainika kwamba mmea uliojaa naitrojeni hudhurika zaidi na baridi hiyo. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kupanda na kiwango cha mbolea ni mambo yanayopaswa kuamuliwa kwa pamoja.

Watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini (KALRO) wamekuwa wakitafuta mbegu zitakazopunguza mvutano huo kati ya harufu na mavuno. Miongoni mwa matunda ya juhudi hizo ni Komboka, iliyotokana na mbegu ya IRRI na kuidhinishwa nchini katika muongo wa 2010. Komboka ina harufu ya kiasi, bua lake ni imara, na mavuno yake hupita ya pishori. Kukamilika kwa Bwawa la Thiba mwaka 2022 nako kumewapa wakulima wa Mwea maji zaidi, na maji ndiyo msingi wa mbolea kufanya kazi.

PWANI KUNA HADITHI NYINGINE

Baridi ya Mwea haipo Pwani. Kilicho adimu huko ni maji yanayoweza kudhibitiwa. Wapokomo wamelima mpunga kwa vizazi vingi kandokando ya mto Tana, wakitegemea mafuriko yanayoleta tope lenye rutuba. Huko Kwale, katika maeneo kama Vanga na Msambweni, Wadigo, hususan akina mama, hulima mpunga wa mabondeni kwa kutegemea mvua.

Mbegu za kienyeji za maeneo hayo ni ndefu, na urefu huo haukuwa kasoro. Mpunga mrefu haufunikwi upesi na maji ya mafuriko, na hushindana vyema na magugu. Mbegu hizo zilichaguliwa na wahenga kwa ajili ya mashamba yasiyo na mbolea ya viwandani. Kuzimiminia yurea leo ni kuzitaka zifanye kazi ambayo hazikuumbiwa.

Isitoshe, katika shamba la mvua, udongo hulowa wiki hii na kukauka wiki ijayo. Udongo unapokauka, hewa huingia na vijidudu vya ardhini huigeuza amonia kuwa naitreti. Mvua inaporudi na maji kutuama, vijidudu vingine huivunja naitreti hiyo na kuirudisha hewani kama gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni naitrasi oksaidi, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani mara nyingi zaidi ya hewa ya ukaa kwa uzito ule ule. Mkulima huwa amenunua mbolea na kuirusha angani.

Mafunzo ya mradi wa mpunga wa mamlaka ya TARDA katika delta ya Tana, ambao kingo zake ziliharibiwa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, yanaonyesha kwamba bila kingo na mifereji madhubuti, mbegu bora na mbolea haviwezi kuokoa zao. Kwa mashamba ya mvua, tumaini kubwa limewekwa katika mbegu za NERICA, zilizotokana na kuchanganywa kwa mpunga wa Asia na ule wa asili ya Afrika Magharibi. Aliyeongoza kazi hiyo, Monty Jones wa Sierra Leone, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004.

AINA YA MBOLEA NA WAKATI WAKE

Katika majaruba yenye maji yaliyotuama, mbolea zinazofaa ni yurea na salfeti ya amonia. Mbolea ya CAN, inayopendwa na wakulima wa mahindi, haifai sana humo, kwani nusu ya naitrojeni yake iko katika umbo la naitreti, ambalo hupotea upesi chini ya maji.

Hata yurea ina hila zake. Ikirushwa juu ya maji wakati wa jua kali, sehemu kubwa hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupaa. Inafaa maji yapunguzwe kwanza, mbolea itiwe jioni au asubuhi, ichanganywe na tope, kisha maji yarudishwe baada ya siku chache. Kwa desturi za kawaida za ukulima, ni asilimia 30 hadi 40 tu ya naitrojeni inayotiwa ambayo hufika mmeani katika msimu huo.

Njia ya kupunguza hasara hiyo ni kuigawa mbolea. Badala ya kuitia yote siku moja, sehemu hutiwa wakati wa kupandikiza au muda mfupi baadaye, nyingine machipukizi yanapoanza kuongezeka, na ya mwisho shuke changa linapoanza kujijenga. Kwa mbegu ndefu kama Basmati 370, awamu ya mwisho inahitaji tahadhari: ikizidi au ikichelewa, hualika blasti na kuuchelewesha mpunga kukomaa.

Kuna pia kifaa rahisi kilichoenezwa na IRRI, nacho ni ubao mdogo wa plastiki wenye rangi kadhaa za kijani, kuanzia hafifu hadi iliyokolea. Mkulima hulinganisha jani la juu lililokwisha kufunguka na rangi za ubao huo. Jani likiwa hafifu kuliko kiwango cha mbegu yake, hutia mbolea. Likiwa limekolea, husubiri. Jambo la kuzingatia ni kwamba kiwango hicho hakilingani kwa mbegu zote, kwani zipo ambazo kijani chao ni hafifu kwa maumbile.

HESABU YA MFUKO

Wakulima wengi huhesabu mifuko, ilhali kinachopaswa kuhesabiwa ni naitrojeni iliyomo. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Mfuko wa uzito huohuo wa salfeti ya amonia una asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu. Ule wa DAP una asilimia 18, yaani kilo tisa, ijapokuwa una fosforasi nyingi.

Tuseme mkulima ameshauriwa na afisa wa kilimo, baada ya udongo wake kupimwa, atie kilo 30 za naitrojeni kwa ekari. Atahitaji takriban kilo 65 za yurea, au kilo 143 za salfeti ya amonia. Anayebadilisha mbolea moja kwa nyingine, mfuko kwa mfuko, huwa ameongeza au kupunguza naitrojeni zaidi ya maradufu bila kujua.

Hesabu hiyo ina uzito mkubwa zaidi tangu bei ya mbolea duniani ilipopanda mwaka 2022 kufuatia vita vya Ukraine. Serikali ya Kenya ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mwaka huo, kisha hadi Sh2,500 mwaka 2023. Mwaka 2024 nao ulikuja na sakata ya mbolea isiyofikia viwango, iliyowafunza wengi kwamba maandishi ya mfuko si hoja ikiwa kilichomo ndani ni kingine.

Mkulima anayejiandaa kwa msimu mpya, basi, ana maswali matatu ya kujiuliza kabla hajafika kwa muuzaji wa mbolea. Mbegu yangu ni fupi au ndefu? Ninaweza kuyazuia na kuyaachilia maji ya shamba langu? Udongo wangu umepimwa lini? Mwenye mbegu fupi, maji ya uhakika na udongo uliochoka atalipwa na kila kilo ya naitrojeni anayoiongeza hadi kiwango alichoshauriwa. Mwenye pishori anafaa kukomea chini ya hapo, na faida yake aitafute katika utunzaji wa maji, kinga dhidi ya blasti na usafi wa nafaka anayoipeleka sokoni. Naye mwenye mpunga wa mvua, ambaye maji yake hayatabiriki, ni afadhali atangulize samadi, mabua yaliyooza na mbegu inayomfaa kabla ya kuzitumia fedha zake katika yurea.